Zilipendwa na Nani? Kufa kwa Sinema ya Magari na Majonzi Tuliyoazima

Utangulizi

Katika lugha yetu lipo neno moja ambalo kila msikilizaji wa redio analijua: "zilipendwa". Ukilitamka tu, mtu anaelewa kwamba unazungumzia nyimbo za dansi za zamani, magitaa, matarumbeta, na wazee wanaotikisa vichwa taratibu. Lakini sisi tuliokalishwa darasani kusoma sarufi hatuwezi kuliacha neno hilo lipite hivi hivi. Hebu tulipasue. Zi- ni ngeli ya nyimbo, -li- ni wakati uliopita, -pend- ni mzizi, -w- ni kauli ya kutendwa. Kila kitu kimo isipokuwa kimoja, nacho ni mtenda. Zilipendwa, sawa. Zilipendwa na nani? Neno lenyewe linakaa kimya.

Makala haya yanajaribu kuliuliza swali hilo juu ya kitu ambacho siku hizi kinaliliwa sana, nacho ni sinema ya magari. Ile sinema ya uwanjani ambamo watazamaji walibaki ndani ya magari yao wakaangalia picha kwenye ukuta mkubwa mweupe, usiku, chini ya nyota. Hapa Dar es Salaam ilikuwepo moja, na watu waliita kwa Kiingereza kile kile cha wenyewe: Drive-In. Wazee wetu wakianza kuitaja, sauti hubadilika. Hilo halinishangazi, maana walikuwepo. Kinachonishangaza ni sisi vijana. Nilipozaliwa mimi, uwanja ule ulikuwa umekwisha pewa kazi nyingine kabisa, na bado nawasikia wenzangu humu Mlimani wakisikitika eti "enzi za Drive-In" zimekwisha, kana kwamba waliwahi kukata tiketi.

Huenda msomaji akauliza: hii si mada ya historia, au ya filamu? Fasihi inaingiaje? Jibu langu ni kwamba hamu ya zamani ni masimulizi. Ina msimulizi, ina wahusika waliowekwa mbele na waliofichwa nyuma, na ina mahali ambapo msimulizi amesimama anapoangalia. Basi inahakikiwa kama masimulizi mengine yoyote. Kabla ya kuihakiki, hata hivyo, ni sharti tujue kitu chenyewe kilikuwa nini na kilikufa vipi.

Chombo chenyewe na kilivyofanya kazi

Sinema ya magari ilizaliwa Marekani. Mwenye wazo aliitwa Richard Hollingshead, wa Camden katika jimbo la New Jersey. Inasimuliwa kwamba alianza majaribio nyumbani kwake: aliweka projekta juu ya boneti ya gari, akatundika shuka baina ya miti, kisha akawasha mpira wa kumwagilia bustani ili aone kama mtu ndani ya gari angeweza kuangalia picha wakati wa mvua. Alipewa hataza Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huo huo akafungua sinema yake. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu.

Ukiangalia kwa makini, utaona kwamba alichobuni Hollingshead hakikuwa picha wala projekta, kwa kuwa hivyo vilikuwepo. Alibuni ardhi. Uwanja ulichongwa kwa safu za matuta yaliyopinda kama upinde, ili gari linapoegeshwa, pua yake iinuke kidogo na waliomo waone juu ya gari lililo mbele yao. Tatizo kubwa lilikuwa sauti. Mwanzoni spika zilifungwa kwenye pazia lenyewe, na matokeo yake waliokuwa mbele walizibwa masikio, waliokuwa nyuma walisikia kwa kuchelewa, na majirani nao walipata sinema ya bure ya masikio bila kuiomba. Tangu mwaka 1941 ziliingia spika ndogo za kutundika kwenye dirisha la gari, kila gari na yake. Naomba msomaji aishike vizuri habari hii ya spika, kwa sababu hoja yangu kuu itaitegemea. Kuanzia hapo, picha ilikuwa ya kila mwenye macho, lakini sauti ilikuwa ya mwenye gari peke yake.

Marekani ilizipenda mno sinema hizi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa miaka ya hamsini zilikuwa zimezidi 4,000. Baba, mama na watoto waliovaa nguo za kulalia walikwenda pamoja. Vijana wawili wawili nao walikwenda kwa mambo yao, hata wakubwa wakaziita mashimo ya ashiki. Ila na hapo tusidanganyike na kumbukumbu tamu. Katika majimbo ya kusini Wamarekani weusi walikataliwa katika baadhi ya viwanja hivyo, au walitengewa upande wao. Hata chini ya anga la wazi, watu waligawanywa.

Drive-In ya Dar es Salaam

Drive-In ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966, upande wa Msasani, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo. Angalieni tarehe hiyo. Februari 1967, yaani muda mfupi tu baadaye, nchi ikatangaza Azimio la Arusha na kuanza safari ya ujamaa na kujitegemea. Kwa hiyo mji uliokuwa ukiimba usawa ulikuwa wakati huo huo na uwanja wa starehe ambao tiketi yake ya kwanza ni gari.

Mtu mwenye haraka angesema huu ni ukinzani mtupu, akafunga daftari. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya watazamaji na wafanyabiashara wa sinema wa Tanzania (kilitoka mwaka 2018), na kabla yake makala ya mwaka 2013 juu ya Drive-In hii hii, hakuwa na haraka hiyo. Kwake Drive-In ni mahali ambapo watu wa Dar es Salaam walijadili usasa na maendeleo ni nini, na ni ya nani. Nakubaliana naye. Wapo waliosema kwamba mjamaa naye ana haki ya kupumzika na familia yake usiku, na wapo waliosema kwamba hayo ni mambo ya naizesheni na wabenzi. Pande zote mbili zilikuwa na lao.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Jumapili zilionyeshwa filamu za Kihindi, na familia, hususan zile zenye asili ya Asia, zilikuja mapema na mikeka na vyombo vya chakula. Wazee niliowauliza wanataja chakula kabla hawajataja filamu: kachori, mishikaki, karanga, chai ya chupa. Majina ya picha wameyasahau. Nadhani hilo linasema kitu. Katika ukumbi wa mjini, kama Empire, Avalon au Chox, mtu alikaa gizani akiangalia mbele. Drive-In alikaa na watu wake, akatoka, akatembelea gari la shemeji, akarudi. Filamu ilikuwa kisingizio cha kukutana, kama vile bao lilivyo kisingizio cha baraza.

Nairobi nako kulikuwa na viwanja vyake: Fox katika barabara ya Thika na Belle-Vue karibu na barabara ya Mombasa. Vyote vimekufa. Ila makondakta wa matatu wangali wakiita "Bellevue" na "Drive-In" kama majina ya vituo, na abiria wanashuka bila kujiuliza. Tukitumia msamiati wa isimu, kiashiria kimebaki na kiashiriwa kimekwenda zake.

Kwa nini zilikufa?

Ukiuliza barazani kwa nini sinema za magari zilikufa, utajibiwa neno moja: televisheni. Jibu hilo lina ukweli kwa Marekani, lakini hata huko halitoshi. Kwanza ni ardhi. Uwanja wa magari mia kadhaa ulijengwa pembezoni mwa mji mahali ambapo shamba lilikuwa rahisi; mji ulipokua ukaufikia, ule uwanja uliokuwa ukifanya kazi saa chache tu kwa usiku ukawa na thamani kubwa ukiuzwa kuliko ukiendelea. Pili ni saa. Sheria ya mwaka 1966 iliyosawazisha desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa majira ya joto ilichelewesha giza, na picha haiwezi kuanza kabla ya giza, ilhali wenye watoto wanataka kurudi kulala. Tatu ni mafuta, hasa tangu msukosuko wa mwaka 1973, na magari madogo yaliyofuata, ambayo hayakai familia kwa raha. Nne ni kanda za video katika miaka ya themanini. Mwisho, kufikia mwaka 2013 hivi makampuni ya filamu yalipokuwa yakiacha filamu za reli na kuingia dijitali, projekta mpya ziligharimu makumi ya maelfu ya dola, na wengi wakafunga. Leo zimebaki takriban 300 nchi nzima. Mwaka 2020, wakati wa korona, zilipata uhai mpya kwa muda, kwa sababu gari lilikuwa chumba ambacho mtu angeweza kutoka nacho nyumbani.

Sasa njooni kwetu, muone jinsi sababu zinavyobadilika. Sababu ya saa haipo: Dar es Salaam jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na ikifika saa moja na nusu kuna giza la kutosha picha yoyote. Kipupwe cha theluji hakipo. Na televisheni je? Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa, ikaikataa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, ila Bara haikuipata mpaka mwaka 1994. Kama televisheni ndiyo muuaji, basi kwetu alifika mazishini.

Muuaji wetu alikuwa na uso mwingine. Mnamo Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na familia nyingi zenye asili ya Asia zikaanza kuhama nchi. Wale waliokuwa roho ya Jumapili wakapungua. Kisha mafuta yakapanda, ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, ikaja miaka ya foleni ya sukari na sabuni, na vipuri vya gari vikawa dhahabu. Katika kubana matumizi ya mafuta, magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fikirini jamani: sinema inayotaka gari, siku yake kubwa ni Jumapili, na Jumapili hakuna gari. Halafu kanda za video zikaingia majumbani mwa wenye uwezo, na wale waliokuwa wakihitaji usiku, gari na uwanja ili wakae na jamaa zao wakiangalia filamu ya Kihindi wakaanza kufanya hivyo sebuleni.

Kifo cha mwisho kilikuwa cha ardhi. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja; hapa kwetu walikufa watu 11. Ubalozi mpya ukahitaji uwanja mpana, kwa sababu kanuni za usalama za Wamarekani zinataka jengo likae mbali na barabara, kwa futi 100 angalau. Ni wapi mjini palipokuwa na uwazi kama huo? Pale pale Drive-In. Ubalozi ulifunguliwa hapo mwaka 2003. Kile kilichoifanya sinema ile iwezekane, yaani nafasi, ndicho kilichoimaliza. Na mahali ambapo mji mzima ulikwenda kuangalia picha, leo huruhusiwi kupiga picha.

Ugonjwa, dawa na ukumbusho

Sasa turudi kwenye majonzi yenyewe. Wazungu wana neno lao, nostalgia, ambalo lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi, Johannes Hofer. Kwake lilikuwa jina la ugonjwa: watu walio mbali na kwao, wakiwemo wanafunzi na askari, wakadhoofu kwa kuikumbuka nyumbani. Baadaye neno likatoka kwenye mahali likahamia kwenye wakati. Mtu akawa mgonjwa wa miaka iliyopita.

Ajabu ni kwamba Waswahili walikwisha mjibu Hofer kwa methali ambayo kila mtoto anaijua: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Si ndwele! Methali inakataa kabisa kuuita wakati uliopita ugonjwa. Ila tuwe waangalifu. Methali haisemi yaliyopita si kitu. Inasema tu kwamba uganga upelekwe kunakohitajika.

Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anatofautisha hamu za aina mbili. Ya kwanza inataka kujenga upya: irudishwe nyumba ile ile, kama ilivyokuwa, na atakayeuliza swali ni adui. Ya pili inatafakari: inakaa na magofu, inajua hayarudi, na inajiuliza kwa nini inayapenda. Tofauti hii inanifaa, lakini sioni haja ya kuvuka bahari kuitafuta wakati fasihi yetu inayo tangu zamani.

Chukueni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anaangalia majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, wageni na vyombo vya thamani, na sasa yamekuwa makao ya popo na wadudu. Hapana shaka kuna utamu katika maelezo yake ya anasa ile. Angekuwa haipendi asingeieleza kwa undani namna hiyo. Lakini mshairi hasemi "laiti yangerudi". Anauambia moyo wake: tazama, uzinduke. Gofu kwake ni darasa. Hii ndiyo tofauti ninayoitaka kati ya maombolezo na zilipendwa. Zilipendwa zinatubembeleza tulale. Al-Inkishafi inatuamsha.

Kwa upande mwingine ipo tamthilia ya Ebrahim Hussein, Wakati Ukuta (1971), ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Haihusu Drive-In, lakini cheche ya ugomvi wake ni sinema: Tatu anataka kwenda sinema na Swai, na mama yake hataki. Wahakiki tumezoea kuandika hapo "mgongano wa mila na usasa" na kufungua ukurasa mwingine. Lakini hebu tuisome tukiikumbuka Drive-In. Kwa nini sinema hasa, na si soko au ufukwe? Kwa sababu sinema ni giza ambalo mzazi hayumo. Drive-In ilikuwa na ubishani wa ajabu katika jambo hili: ilimpa mzazi nafasi ya kuwamo, na watoto wote kiti cha nyuma, na papo hapo ikawapa vijana wengine giza lenye milango ya kufunga. Gari ni sebule na gari ni maficho. Kwa hiyo wanaosema Drive-In ilikuwa "mahali pa familia" na wanaosema ilikuwa "mahali pa uhuni" wanaeleza uwanja mmoja kutoka madirisha mawili tofauti.

Mwenye gari na kabwela

Madirisha, nimesema. Na hapo ndipo ninapofika kwenye kiini cha makala haya. Masimulizi karibu yote ya hamu ya Drive-In yanasimuliwa kutoka dirishani mwa gari. Yule anayeandika kumbukumbu, anayesimulia redioni, anayepiga soga harusini, alikuwa ndani: baba yake alikuwa na Peugeot, au mjomba alikuwa na gari la shirika. Tena hasemi uongo. Ndivyo alivyoona. Lakini sisi tumefundishwa kutofautisha kati ya kile msimulizi alichokiona na kile kilichokuwepo.

Katika mji ule wengi hawakuwa na gari. Wakati kijana wa naizesheni anaegesha tutani, kabwela wa Dar es Salaam alikuwa anatembea kwa miguu. Na pazia la Drive-In, kwa ukubwa wake, halikuweza kufichwa. Mnakumbuka ile habari ya spika? Yeyote aliyesimama nje, penye mwinuko au juu ya mti, aliweza kuona picha. Asichoweza kukipata ni sauti. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisimulia kwamba wao waliangalia hivyo, kundi la vijana, na kwa kuwa hawasikii neno, mmoja wao, mwenye mdomo, alikuwa anawasemea wahusika. Huyu anamwambia yule nipe fedha zangu. Huyu analia, mumewe kamwacha. Huyu sasa atakiona. Wengine wanacheka, wanabisha, wanasahihisha.

Jamani, hii si fasihi ni nini? Hapo wapo fanani na hadhira, upo utendaji, upo ushiriki wa hadhira katika kuijenga hadithi. Tunapofundishwa sifa za fasihi simulizi tunatajiwa zote hizo, na mifano inatoka kwenye ngano za sungura na fisi. Kumbe mfano mwingine ulikuwa nje ya ua wa Msasani. Mwenye gari alipewa hadithi iliyokwisha kamilika, kwa Kiingereza au Kihindi, kupitia kispika cha dirishani. Kabwela alipewa nusu hadithi, nusu nyingine akaitunga mwenyewe, kwa Kiswahili.

Na utunzi huo haukufa na Drive-In. Miaka ya tisini na iliyofuata, vibanda vya video, vile tunavyoviita vibanda umiza, vilijaa mitaani, na humo wakatokea watu wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha. Aliyevuma zaidi ni marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Alikuwa anatafsiri, anaeleza, anatania, anaongeza yake, na watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuiona filamu. Uganda nako wapo wasimulizi wa namna hiyo, na wana majina makubwa. Sidai kwamba Lufufu alijifunza kazi hii nje ya ua wa Drive-In. Sina ushahidi huo. Ninachodai ni kwamba hitaji ni lile lile: mtu aliyepewa picha bila maneno yake anatafuta fanani.

Kwa maana hiyo tukiuliza mrithi wa Drive-In ni nani, jibu linategemea ulikuwa upande gani wa ua. Kwa aliyekuwa ndani, mrithi ni zile kumbi zenye kiyoyozi ndani ya majengo ya maduka, zenye bisi na maegesho, na naye anazilalamikia kwamba hazina roho. Kwa aliyekuwa nje, mrithi ni kibanda umiza chenye benchi na fanani. Huyu halalamiki sana. Hamu yake haiandikwi, kwa hiyo tunadhani hana.

Yapo majibu yanayoweza kutolewa dhidi yangu. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu hii alisema ninaleta siasa ya matabaka kwenye jambo la furaha, na kwamba hata mwenye gari alikuwa akipakia majirani mpaka kwenye buti. Ni kweli. Gari moja la wakati ule lilikuwa la mtaa mzima. Lilipeleka mgonjwa hospitali, likaleta bibi harusi, likapakia watoto wa jirani kwenda Drive-In. Sikusudii kumnyang'anya mtu furaha yake. Ila hata aliyepakiwa kwenye buti anastahili kutajwa katika sentensi. Kauli ya kutendwa haimtaji.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sinema ya magari ilikufa kwa sababu tofauti katika mahali tofauti. Kwamba kwetu televisheni imesingiziwa, ilhali mafuta, uhamaji, video na hatimaye thamani ya ardhi ndivyo vilivyoimaliza. Na kwamba majonzi tunayoyasikia leo yana msimulizi aliyekaa ndani ya gari. Sisi tusioiona tunaazima majonzi hayo mazima mazima, pamoja na dirisha lake.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza ni la uhakiki. Kila tunapokutana na "enzi zile" katika riwaya, shairi au mazungumzo, tuulize alikuwa amesimama wapi huyo anayekumbuka. Swali dogo, lakini linairudishia sentensi mtenda wake. La pili ni la kazi ya mikono. Wanaokumbuka Drive-In ya 1966 sasa ni watu wa miaka sabini na zaidi. Walio ndani ya magari wamekwisha rekodiwa kiasi, na wataendelea kurekodiwa, maana wana wajukuu wanaoandika. Wale wa nje ya ua, waliokuwa wakiwasemea waigizaji, hawana kanda wala kitabu, na kila msiba unaondoka na mmoja. Idara zetu zinatutuma kila mwaka vijijini kukusanya ngano na vitendawili, nasi tunakwenda. Safari hii tupande daladala ya Msasani na Kinondoni, tukae barazani na wazee hao, tuwaombe watusimulie filamu ambayo hawakuisikia hata neno moja. Tutakachoandika kitakuwa fasihi simulizi ya mji huu, na wapo waliobaki wa kutusomesha.